Dhibitini koki kwanza, kisha mpime maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji mwenzangu aliyependekeza hivi karibuni kwamba maji ya kunywa ya shule zote yapimwe madini ya risasi walau mara moja kwa mwaka. Sina ugomvi na pendekezo lake. Ninachoona ni kwamba ameanzia mwishoni mwa njia, kwa sababu ni nadra risasi kutoka mtoni, ziwani au kisimani; kwa kawaida maji huondoka kwenye mtambo wa kusafishia yakiwa hayana risasi ya kutajika, kisha huiokota safarini, ndani ya mabomba, vali, mita na koki ambazo sisi mafundi tumezifunga kwa mikono yetu. Nimekuwa fundi bomba kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka ya karibuni nafundisha vijana kazi hiyohiyo. Nimefunga koki nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sikuwahi kujiuliza zimetengenezwa kwa kitu gani.

Lugha yetu imeiita metali hii kwa jina lilelile la kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na huenda ndiyo maana watu hushtuka wanapoambiwa kwamba kuna risasi ndani ya koki ya jikoni. Wakishaelezwa kwamba ni madini tu, hushusha pumzi, nami nasema huishusha mapema mno. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa na meno, na mwanamke akipata ujauzito akiba hiyo hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile anachomeza mtu mzima, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano zaidi, na kinachoathirika kwanza ni ubongo wake, yaani uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka. Mara nyingi hapati homa wala hatapiki, kwa hiyo mzazi hana dalili ya kumwambia kwamba kuna jambo.

Sasa niruhusu nieleze kisa kilichonifumbua macho. Jengo moja la kufundishia, ambalo sitalitaja, lilifungiwa safu mpya ya koki za kunywea, na miongoni mwa waliozifunga nilikuwamo mimi. Uongozi uliita maabara ije kupima maji. Mpimaji alifungua koki ya kwanza, akaacha maji yatiririke kwa dakika kadhaa, akajaza chupa yake na kuondoka. Majibu yalirudi safi. Mwalimu mmoja, mtu wa kudadisi, hakuridhika. Aliomba ichukuliwe sampuli nyingine asubuhi ya Jumatatu, kabla mtu yeyote hajagusa koki zile tangu Ijumaa jioni. Chupa ya kwanza ya asubuhi hiyo ilizidi maikrogramu 10 za risasi kwa lita, ambacho ndicho kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Chupa ya pili, iliyojazwa koki ileile baada ya maji kutiririka kidogo, ilirudi safi tena. Uongozi ukawa na karatasi mbili zinazopingana kuhusu koki moja, na iliyotundikwa ukutani ni ile ya mpimaji wa kwanza.

Maabara haikukosea, na wala hakuna aliyedanganya. Maji yaliyolala ndani ya koki siku mbili hunyonya risasi kutoka kwenye metali inayoyazunguka, na kwa kuwa nafasi iliyomo ndani ya koki ni ndogo mno, vikombe viwili vitatu vya kwanza hubeba karibu mzigo wote. Atakayefungua baada ya hapo anakunywa maji yaliyokuwa kwenye bomba la mbali. Kwa hiyo majibu ya kipimo hutegemea saa, urefu wa muda koki ilipolala, kasi ya maji, hata kama mpimaji alifungua kichujio kidogo cha mdomoni mwa koki au alikiacha, maana chembe za lehemu na metali hunasa pale na kumeguka siku zisizotarajiwa. Koki yenye risasi inaweza kufaulu kipimo Januari, ikafeli Machi na kufaulu tena Juni. Anayetaka kulinda watoto kwa kipimo cha mara moja kwa mwaka anategemea kwamba mpimaji atafika siku ileile ambayo koki imeamua kutema.

Baada ya kisa hicho nilichukua koki mojawapo iliyobaki, nikaibana kwenye jiliwa na kuikata katikati kwa msumeno wa chuma. Nje ilikuwa na ganda la kromu linalong'aa kama kioo. Ndani hamkuwa na kromu yoyote. Palikuwa na shaba ya manjano mitupu, ile ambayo mafundi huiita brasi, yenye mistari ya kukerezwa, na hapo ndipo maji hukaa. Nikampelekea nusu moja rafiki yangu mkerezaji, naye hakuhitaji maabara ili kutoa maoni yake. Aliifunga kwenye mashine, akaigusa kwa kisu, na mabaki yakaanguka kama mchanga wa dhahabu, vipande vifupi vikavu. Akaniambia kwamba brasi isiyo na risasi huchubuka kwa utepe mrefu unaojikunja na kumsumbua mkerezaji, na kwamba ile inayomwagika kama mchanga ndiyo kila mwenye karakana anaipenda. Simaanishi kwamba mashine ya kukerezea ichukue nafasi ya maabara, ila katika dakika ile nilielewa kwa nini risasi imo humo.

Imo kwa sababu inarahisisha kazi. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na risasi haichanganyiki nayo barabara, bali hubaki ndani kama vitone vidogo vidogo vilivyotawanyika. Vitone hivyo hulainisha ncha ya kisu, huvunja mabaki yasijikunje, huziba vitundu vilivyobaki wakati wa kusubu, yaani kumimina metali iliyoyeyushwa ili iumbike, na hufanya kifaa kimoja cha kukatia kidumu muda mrefu. Mteja hafaidiki na lolote kati ya hayo. Koki haifunguki vizuri zaidi kwa kuwa na risasi. Faida yote inabaki kiwandani, na gharama inahamia kwenye mwili wa mtu ambaye hakuulizwa. Ndiyo sababu naamini kwamba suala hili haliwezi kuachwa mikononi mwa wanunuzi, maana hakuna mnunuzi anayeweza kuona vitone hivyo, kuvinusa, wala kuvionja ndani ya maji.

Wenzetu waliotangulia kutunga sheria wamepitia makosa ambayo yanafaa kusomwa kwa makini, hasa Marekani. Mji wa Chicago uliwahi kulazimisha kwa kanuni zake kwamba bomba la kuingiza maji nyumbani liwe la risasi, na kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1986, serikali kuu ilipopiga marufuku mabomba hayo. Leo Chicago ina mabomba ya risasi yapatayo 400,000 ardhini, kuliko mji mwingine wowote wa nchi hiyo. Lakini sheria hiyo ya mwaka 1986, iliyofanya jambo jema kwa kuzuia mabomba na lehemu ya risasi, ilibeba ndani yake maneno mawili ambayo kila mtunga kanuni anapaswa kuyaogopa: “bila risasi”. Kwa lehemu, maneno hayo yalimaanisha risasi isiyozidi asilimia 0.2, na hapo hakuna wa kulalamika. Kwa mabomba na viungio yalimaanisha risasi isiyozidi asilimia 8. Kiungio chenye uzito wa gramu 500 kingeweza kubeba gramu 40 za risasi na bado kikauzwa kihalali kama kisicho na risasi.

Fanya hesabu ndogo. Gramu 40 ni maikrogramu milioni 40, na kwa maikrogramu 10 kwa lita zingetosha kufikisha lita milioni 4 za maji kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya risasi hiyo imefungiwa ndani ya metali na haitagusana na maji kamwe. Hata hivyo hesabu hiyo inaonyesha jinsi lebo inavyoweza kuwa mbali na kile msomaji wake anachoelewa. Tafsiri hiyo ilidumu mpaka Januari 2014, ilipoanza kutumika sheria iliyotiwa saini mwaka 2011 ambayo iliishusha asilimia 8 kuwa asilimia 0.25. Kwa zaidi ya miaka 27, mtu aliyenunua kiungio chenye maneno “bila risasi” hakudanganywa na muuzaji. Alidanganywa na kamusi ya sheria.

Hata hiyo asilimia 0.25 ina mlango wa nyuma, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo. Kiwango hicho hakipimwi kwa kila kipande. Ni wastani unaokokotolewa kwa ukubwa wa sehemu zinazogusana na maji. Chukua koki ambayo ndani yake maji yanagusa sentimita za mraba 100 kwa jumla. Sentimita 92 ni plastiki na chuma cha pua, visivyo na risasi hata kidogo, na sentimita 8 zilizobaki ni brasi ya kizamani yenye risasi asilimia 3. Zidisha 3 kwa 8, gawa kwa 100, unapata asilimia 0.24. Koki imefaulu. Maji yanayolala juu ya zile sentimita 8 hayajui habari za wastani. Sisemi kwamba kila mtengenezaji anafanya ujanja huu, na wastani una mantiki yake kwa sababu eneo dogo kwa kawaida hutoa risasi kidogo. Ninasema tu kwamba anayenakili kanuni hiyo neno kwa neno na kuishia hapo amenakili na mlango wake.

Dawa yake ipo na imeshajaribiwa. Badala ya kuuliza tu koki ina risasi kiasi gani, mnauliza pia inatoa risasi kiasi gani. Koki nzima, kama itakavyouzwa, hujazwa maji ya maabara yenye tabia inayojulikana, huachwa yalale, humwagwa na kujazwa tena kwa siku kadhaa, kisha kinachotoka hupimwa. California ilipitisha mwaka 2021 sheria inayotaka vifaa vya mwishoni mwa njia, yaani koki na vifaa vya kunywea, visitoe zaidi ya maikrogramu 1 katika kipimo hicho, na ikaanza kubana vifaa vilivyotengenezwa tangu mwaka 2023. Watengenezaji waliweza. Umoja wa Ulaya kwa upande wake, katika agizo lake la mwaka 2020 kuhusu maji ya kunywa, uliamua kushusha kikomo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa lita ifikapo Januari 2036, lakini kilichonivutia zaidi katika agizo hilo ni kwamba liliona haliwezi kufikia lengo kwa kupima maji peke yake, likaweka pia masharti ya pamoja kuhusu vifaa na metali zinazogusana na maji, yatakayoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2026.

Kuna mlango mwingine ambao mafundi tunaufahamu kuliko wanasheria. Sheria ya Marekani, kama kanuni nyingi zilizofuata nyayo zake, inasamehe vifaa vinavyotumika kwa shughuli zisizo za kunywa peke yake, kama vile vya chooni, vya kuogea na vya kumwagilia. Kwenye karatasi hilo halina ubaya. Kwenye jengo halisi, koki ya uani iliyouzwa kwa ajili ya bustani ndiyo iliyo karibu, ndiyo yenye kasi, na ndiyo watu wanayojazia ndoo za maji ya kunywa. Nimefunga koki za namna hiyo mara nyingi nikijua fika kwamba hakuna bustani. Pendekezo langu ni kwamba msamaha huo uondolewe kwa kila koki ambayo mtu anaweza kuweka kikombe au ndoo chini yake, na ubaki kwa vile tu ambavyo umbo lake lenyewe haliruhusu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi zenye majengo ya kale na mabomba ya risasi chini ya barabara, na kwamba penye mifumo mipya hakuna cha kuhofia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliangalia mifumo 261 ya maji katika Ghana, Mali na Niger, mingi ikiwa pampu za mkono na koki za jamii ambazo hazina uhusiano wowote na mabomba ya risasi ya karne zilizopita. Katika asilimia 9 ya mifumo hiyo risasi ilizidi maikrogramu 10 kwa lita. Watafiti walipokwangua vipande vya metali vya mifumo hiyo na kuvipima, zaidi ya asilimia 80 vilizidi ile asilimia 0.25. Maana yake ni kwamba vifaa vipya vilikuwa vinafungwa vikiwa tayari na tatizo, katika miradi iliyojengwa kwa nia njema, huenda kwa sababu waraka wa zabuni ulitaja kipenyo, shinikizo na bei, ukanyamaza kuhusu risasi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Toamasina, Madagaska. Watu wa mji ule hujichimbia visima vifupi na kutumia pampu ndogo za mkono zinazotengenezwa na mafundi wa hapohapo. Ndani ya pampu hizo kulikuwa na vali ambazo mafundi walizitia uzito kwa risasi, kwa kuwa ni nzito, ni laini na inayeyuka kwa moto mdogo. Maji yalipopimwa yakakutwa na risasi, suluhisho halikuwa mtambo wala kemikali. Mafundi walifundishwa kutumia chuma badala ya risasi kwenye vali zilezile, na risasi katika maji ikapungua. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hicho mara kadhaa kwa sababu kinamheshimu fundi: aliyeweka risasi kwa kutojua ndiye aliyeitoa alipojulishwa. Nachelea kusema kwamba kanuni nyingi huandikwa kana kwamba fundi mdogo hayupo, ilhali yeye ndiye anayesubu, anayechonga na anayeamua dukani achukue kipi.

Hoja nyingine inayosikika ni kwamba inatosha kuyatuliza maji, yaani kuyatia fosfeti au kurekebisha tindikali yake ili yatandike utando ndani ya bomba na kuizuia risasi isitoke. Kazi hiyo ni ya lazima pale ambapo mabomba ya zamani bado yapo, na mamlaka za maji zinazoifanya vizuri zinastahili pongezi. Lakini utando ni mkataba unaoweza kuvunjika kwa uamuzi mmoja wa ofisini. Mji wa Washington ulibadilisha dawa ya kuua vijidudu kutoka klorini kwenda kloramini mwaka 2000, na katika miaka iliyofuata risasi ikapanda majumbani kwa kuwa utando uliokuwa umeilinda ulianza kuyeyuka. Aprili 2014, Flint, katika jimbo la Michigan, ulihamia maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia ulikaji, na wakazi wapatao 100,000 wakabaki wakitumia maji yaliyokuwa yakibandua mabomba yao kutoka ndani. Mabomba ya Flint hayakubadilika siku ile; kilichobadilika ni maji. Kifaa kisicho na risasi hakimhitaji mhandisi awe makini kila siku kwa miaka hamsini.

Kuhusu gharama, nitasema kwa ufupi. Brasi isiyo na risasi ipo, ikiwemo ile inayotiwa silikoni au bismathi badala ya risasi. Chuma cha pua kipo. Plastiki zinazofaa zipo. Ni ngumu zaidi kukereza, vifaa vya kukatia huisha upesi, na brasi ya bismathi ina usumbufu wake, maana chakavu chake kikichanganyika na cha kawaida huharibu metali ya wote wawili. Bei ya koki hupanda kidogo. Ila katika gharama ya jengo zima koki ni sehemu ndogo mno, na anayelalamikia tofauti hiyo mara nyingi ndiye aliyelipia kromu bila kunung'unika. Plastiki nayo isichukuliwe kuwa kinga ya moja kwa moja: mabomba ya PVC yaliwahi kuimarishwa kwa misombo ya risasi katika sehemu nyingi, na watengenezaji wa Ulaya waliiacha desturi hiyo mwishoni mwa mwaka 2015. Kanuni ya maana itataja PVC kwa jina.

Ningependa pia kuona alama kwenye mwili wa kifaa chenyewe. Boksi hutupwa siku ya kwanza, na fundi atakayekuja kukarabati miaka kumi baadaye hataliona. Alama isubiwe kwenye metali, isomeke, itaje kiwango kilichofikiwa na msimbo wa mtengenezaji, na cheti kitolewe na maabara huru yenye ithibati, asiwe mtengenezaji anayejithibitishia mwenyewe. Ukaguzi wa madukani si mgumu kama unavyodhaniwa, kwa sababu kuna vifaa vya eksirei vya kushika mkononi vinavyosoma kiasi cha risasi kwenye metali kwa sekunde chache. Mkaguzi akumbuke tu kukata koki kwanza, maana akielekeza kifaa chake nje atakuwa anapima kromu. Vipuri navyo viingizwe, yaani vali za ndani, viungio na mikono ya kuunganishia, kwa kuwa koki bora ikikarabatiwa kwa kipuri cha risasi inarudi ilikotoka. Na serikali isisubiri sheria ipite kwenye ngazi zote ndipo ianze: inaweza kesho asubuhi kuandika sharti hilo katika zabuni zake za shule, zahanati na visima, na kwa kuwa yenyewe ni mnunuzi mkubwa, waagizaji watafuata.

Marekani yenyewe ilijifunza kwamba kuzuia kinachokuja hakutoshi bila kukabili kilichopo. Mwaka 1988 ilibidi itunge sheria mahsusi kuhusu majokofu ya maji ya kunywa, ambayo baadhi yake yalikuwa na matangi yaliyopakwa risasi kwa ndani na yalikuwa yamewekwa mashuleni, ili yarekebishwe au yarudishwe kwa walioyatengeneza. Kila kanuni mpya itakuta koki za jana zikiwa ukutani. Zile ambazo watoto wanazinywea zinastahili kubadilishwa kwanza, na wakati zikisubiri zamu yake, wenye majengo waambiwe ukweli: waache maji yatiririke asubuhi kabla ya kukinga ya kunywa, wasafishe vile vichujio vya mdomoni, wala wasidhani kwamba kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi hubaki palepale, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, hata huongezeka kidogo katika kila kikombe. Ushauri huu ni wa muda. Hauwezi kuwa sera, kwani huwezi kumkabidhi mtoto wa miaka sita wajibu wa kusubiri bomba litiririke kabla ya kunywa.

Nimalizie na zile koki za lile jengo. Baada ya mwalimu yule kung'ang'ania, hatimaye ziliondolewa, nami nilikuwa mmoja wa waliozifungua. Tulizijaza kwenye gunia, na mnunuzi wa vyuma chakavu alipofika alizipima kwa mizani yake, akalipa kwa uzito. Nilimuuliza anazipeleka wapi. Alinijibu, bila kuona ajabu yoyote, kwamba zinakwenda kuyeyushwa na kusubiwa koki nyingine. Kwa hiyo naomba watakaoandika kanuni wasiisahau tanuri hiyo: chakavu chenye risasi kitenganishwe, kisiruhusiwe kurudi kwenye kifaa chochote cha maji, na msubuji apewe mahali pa kupimishia metali yake kabla hajaimimina kwenye kalibu.

Wako,
Fundi bomba na mkufunzi wa ufundi stadi